Nachora Matundu

Mzee Perezi Mbeleje wa Mpunguzi aliletwa kwangu akiwa picha:
pingili ya nne imeteleza mbele, imeiacha ya tano,
kama tofali la fundi mwenye haraka,
na palipokuwa na mto wa gegedu
pamebaki ufa mweusi, mwembamba kama ukucha.

Tuliimba shuleni kwamba kilimo ni uti wa mgongo.
Hatukuuliza mgongo wa nani.
Miaka thelathini na miwili ya matenga ya zabibu,
na kabla ya matenga, ndoo za maji,
na kabla ya ndoo, udongo wa kuezekea tembe la baba yake.

Kazi yangu ni kuchora kitakachokaa kwenye ule ufa.
Kizimba. Milimita kumi na moja kwenda juu,
mbele kinene kidogo kuliko nyuma,
maana kiuno cha mtu kina mbinuko wake,
na asiyeufuata atamfanya mgonjwa atembee
kama anayetafuta sarafu.

Toleo la kwanza nililipenda.
Titani tupu, kingo kali.
Nilisema hiki hakivunjiki hata dunia ivunjike.
Jumamosi nikaenda mnadani Msalato kununua uti wa mbuzi;
muuza nyama akauliza, "Supu?"
Nikasema ndiyo, nikaona haya.
Karakanani nikaubana kwenye mashine,
nikaongeza mzigo kilo kwa kilo.
Kizimba hakikuvunjika.
Kilizama.
Kiliingia mfupani taratibu, bila kelele,
kama kidole kwenye ugali wa moto.

Husemwa kwamba hapa tembo alikuja kunywa maji,
matope yakammeza miguu,
Wagogo wakasema *idodomya*, amezama,
na mji ukabaki na jina hilo.
Nimezaliwa Chang'ombe, nimekulia ndani ya neno kuzama,
na bado ilibidi mbuzi anifundishe:
kigumu kupita jirani yake humzamia jirani.

Tangu siku hiyo nachora matundu.
Mama hunicheka kwenye simu:
umesoma miaka yote hiyo uje kuchora hewa?
Ndiyo, mama. Hewa ya mikroni mia sita,
nyuzi za chuma zikipishana
kama fito za tembe kabla ya kukandikwa,
ili chuma kilegee kidogo,
na mfupa, ambao hauna macho, upapase,
ukute mlango, uingie.
Kukandika si kazi yangu.
Atakandika Perezi mwenyewe, kwa damu yake, akiwa amelala.

Alikuja kliniki na fimbo.
Akakipokea kielelezo cha plastiki
kwenye kiganja chenye rangi ya zabibu isiyotoka,
akakigeuza, akachungulia upande wa pili.
"Hiki kitoto ndicho kitabeba matenga?"
Nikamwambia hapana. Matenga basi.
Nikamwambia na la pili, ambalo daktari aliniachia:
pingili mbili zikishaungana ni mfupa mmoja,
pale hapatapinda tena.
Akanyamaza. Upepo ulikuwa unapigisha vumbi kwenye bati.
"Mke wangu," akasema, "tulioana tukiwa tunapinda wote wawili.
Sasa hatupindi. Tunakaa tu."
Akacheka hadi mgongo ukamkumbusha.

Leo ni usiku wa toleo la kumi na saba.
Umeme umekatika mara mbili, umerudi mara mbili.
Nimepunguza nusu milimita upande wa kushoto
kwa sababu mfupa wake umekonda kuliko picha ilivyokiri.
Nimeirudisha.
Nimeipunguza tena.
Mezani kuna kichala alichoniachia.
Nakula zabibu mojamoja, natema mbegu kwenye karatasi ya vipimo,
sijui kama nusu milimita ni busara
au ni woga.